Mazoezi ya ukinzani na lishe ya misuli

Mazoezi ya ukinzani (huitwa pia mazoezi ya nguvu) ni mazoezi ya mwili ambayo ndani yake misuli hulazimika kusukuma, kuvuta au kushikilia kitu kinachoipinga. Kitu hicho kinaweza kuwa chuma, mpira wa kuvuta, mashine, ndoo ya maji au uzito wa mwili wenyewe, kama ilivyo katika pushapu na kuchuchumaa. Mazoezi haya ni tofauti na kukimbia, kuogelea au kuendesha baiskeli, ambayo hasa huzoeza moyo na mapafu kuvumilia kazi ya muda mrefu.

Faida ya mazoezi ya ukinzani haipatikani wakati uzito unaponyanyuliwa, bali katika saa na siku zinazofuata, mwili unapotengeneza upya sehemu za msuli na kuziongeza. Kazi hiyo inahitaji chakula, hasa protini, pamoja na usingizi na muda. Hata hivyo zoezi na chakula havina uzito sawa. Mtu anayefanya mazoezi huku akila vibaya hupata matokeo pungufu, lakini mtu mzima asiye na njaa anayeongeza chakula bila kufanya mazoezi haongezi nguvu karibu hata kidogo. Jambo hilo lilionyeshwa wazi kuliko kokote si kwa wanamichezo, bali kwa wazee wa umri wa karibu miaka 90 mjini Boston, Marekani (tazama chini).

Msuli na nguvu zake

Msuli unaoshikamana na mifupa umeundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba na ndefu. Kila uzi ni seli moja yenye viini vingi, jambo ambalo ni nadra katika mwili wa binadamu. Ndani ya uzi mna protini za aina mbili, aktini na miosini, zilizopangwa kama meno ya vitana viwili vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine. Mwaka 1954 makundi mawili ya wataalamu, yaani Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine, yalieleza katika toleo moja la jarida la Nature kwamba protini hizo hazifupiki zenyewe. Kinachotokea ni kwamba huteleza, moja ikipita kando ya nyingine, na hivyo msuli mzima ukawa mfupi. (Akina Huxley hao wawili hawakuwa na undugu wowote.)

Nguvu za msuli hutegemea mambo mawili: ukubwa wake, na jinsi ubongo na neva zinavyoweza kuamuru nyuzi zake zifanye kazi kwa pamoja. Mtu asiye na mazoezi hawezi kuziita nyuzi zake zote kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo anayeanza mazoezi huona nguvu zikiongezeka haraka katika wiki za mwanzo, ilhali akipima mkono wake kwa utepe haoni tofauti. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba ongezeko la mwanzo hutokana zaidi na neva, na ukubwa wa msuli huanza kuchangia kwa kiasi kikubwa baada ya wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa katika kipindi hicho wakidhani hakuna kinachotokea, kwa kuwa wanajitazama kwenye kioo badala ya kuangalia uzito wanaoweza kunyanyua.

Ushahidi mwingine wa kazi ya neva ni huu: mtu akizoeza mkono mmoja tu, mkono wa pili ambao haukufanya lolote nao huongezeka nguvu kiasi. Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1894. Leo waganga wa mazoezi ya viungo hulitumia kwa mgonjwa ambaye mkono au mguu wake mmoja umefungwa plasta, wakimtaka azoeze ule mzima.

Ukubwa wenyewe huongezeka kwa sababu uzi wa msuli unaovutwa kwa nguvu hupokea mvuto huo kama ishara ya kutengeneza protini nyingi zaidi. Nyuzi hunenepa, idadi yake haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kando ya kila uzi zimelala seli ndogo za akiba, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 alipokuwa akichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Uzi ukiumia au ukilemewa, seli hizo huamka, hugawanyika, na baadhi yake huungana na uzi huo na kuupatia viini vipya.

Kanuni ya kuongeza mzigo

Hadithi ya kale ya Wagiriki inamsimulia Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 KK, aliyembeba ndama kila siku mpaka akawa fahali. Hiyo ni hadithi tu, lakini inabeba kanuni kuu ya somo hili: mzigo usipoongezeka, mwili ukishauzoea hauna sababu ya kubadilika.

Kanuni hiyo iliingizwa katika tiba na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hospitali ya kijeshi ya Gardiner mjini Chicago ilikuwa na askari wengi waliopona majeraha ya goti na paja lakini hawakuweza kutembea vizuri kwa sababu misuli ilikuwa imenyauka. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, aliwapa uzito mkubwa na marudio machache, akauongeza kadiri nguvu zilivyorudi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Mwaka 1948, akiwa pamoja na Arthur Watkins, alipendekeza mizunguko mitatu ya marudio kumi: wa kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara kumi tu, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzito wote. Desturi ya "mizunguko mitatu, marudio kumi" inayofuatwa katika kumbi za mazoezi kila mahali inatoka huko, ingawa wengi wanaoitumia hawajui kwamba ilianza kama dawa ya majeruhi.

Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ukubwa wa msuli unaweza kuongezeka hata kwa uzito mwepesi, mradi marudio yaendelee mpaka msuli unakaribia kushindwa kabisa. Kwa upande wa nguvu, uzito mkubwa bado una matokeo bora, kwa sababu ubongo nao hujifunza kile unachofanyishwa.

Kwa hiyo chuma cha dukani si lazima. Vijana wa mitaani wanaotia zege kwenye makopo mawili na kuyaunganisha kwa bomba wanafuata kanuni ileile, isipokuwa kwamba ni vigumu kuongeza uzito kidogo kidogo, na makopo yakipishana uzito mgongo huvutwa upande mmoja. Ndoo au begi la mchanga linalopimwa na kuongezwa polepole lina faida zaidi kwa anayeanza.

Saa na siku baada ya zoezi

Protini za msuli hazikai milele. Kila siku baadhi huvunjwa na nyingine hutengenezwa, na msuli hukua pale tu utengenezaji unapozidi uvunjaji. Mwaka 1997 Stuart Phillips na wenzake walipima kazi hizo mbili kwa watu ambao hawakuwa wamekula. Utengenezaji wa protini ulipanda kwa zaidi ya mara mbili saa 3 baada ya zoezi, na saa 48 baadaye ulikuwa bado juu kwa takriban theluthi moja. Lakini uvunjaji nao ulipanda. Hesabu ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko kabla ya zoezi, ila bado ilikuwa hasara. Ili igeuke kuwa faida walihitaji chakula.

Matokeo hayo yanaeleza mambo mawili ya kila siku. Kwanza, hakuna haja ya kukimbilia kikombe cha maziwa dakika ileile chuma kinapowekwa chini, kama wauzaji wa protini ya unga wanavyosisitiza, kwa kuwa msuli hubaki tayari kupokea chakula kwa siku nzima na zaidi. Pili, msuli uleule haufai kufanyishwa kazi nzito kila siku. Mapumziko ya saa 48 hivi kabla ya kuurudia ni sehemu ya zoezi.

Maumivu yanayokuja siku ya pili ni suala jingine. Husemwa mara nyingi kwamba yanasababishwa na asidi laktiki iliyobaki kwenye msuli. Si kweli: laktati huondoka katika damu ndani ya saa moja au mbili hivi, wakati maumivu haya huanza baadaye na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Chanzo chake ni madhara madogo ndani ya nyuzi na uvimbe unaofuata, hasa pale msuli unapovutwa ukirefuka huku umekazwa, kama vile kushusha mzigo polepole au kuteremka mlima. Wapanda Mlima Kilimanjaro hulalamikia mapaja baada ya kushuka kuliko baada ya kupanda, ingawa kupanda ndiko kunakochosha pumzi. Zoezi lilelile likirudiwa baada ya wiki moja au mbili huleta maumivu kidogo sana. Ukali wa maumivu si kipimo cha ubora wa zoezi.

Kuna hali moja ya hatari inayoweza kufichwa na maumivu ya kawaida. Mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi akijilazimisha siku moja kufanya mamia ya marudio, nyuzi nyingi zinaweza kupasuka kwa pamoja na protini iitwayo mioglobini ikamwagika katika damu na kuziba figo. Dalili zake ni misuli kuvimba, udhaifu mkubwa na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Hapo hospitali inahitajika siku hiyohiyo.

Usingizi una nafasi yake katika ukarabati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwakesheza vijana usiku mmoja mzima na kukuta utengenezaji wa protini za misuli umeshuka kwa asilimia 18. Kujitumbukiza katika maji ya barafu, desturi iliyoenea kutoka kwa wanamichezo wa kulipwa, hupunguza maumivu lakini ikifanywa mara kwa mara baada ya mazoezi ya nguvu hupunguza pia ukuaji wa msuli.

Protini: kiasi gani na kutoka wapi

Protini hutokana na asidi amino 20, na tisa kati yake haziwezi kutengenezwa mwilini na hivyo ni lazima ziliwe. Mojawapo, leusini, ina kazi ya pekee: ni kiungo cha ujenzi na papo hapo ni ishara inayowasha ujenzi wenyewe.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 48. Kwa wanaofanya mazoezi ya ukinzani, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 zenye washiriki 1,863 ulikuta kwamba faida ya kuongeza protini huendelea mpaka gramu 1.6 hivi kwa kilo, yaani gramu 96 kwa mtu huyohuyo. Zaidi ya hapo haikuonekana faida ya wazi. Uchambuzi huo ulikuwa na tarakimu nyingine ambayo matangazo ya biashara huiacha. Kwa wastani, nyongeza ya protini iliongeza uzito wa mwili usio mafuta kwa kilo 0.3 tu juu ya ule uliopatikana kwa mazoezi yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na zoezi.

Kwa mlaji wa Afrika ya Mashariki swali muhimu ni kama kiasi hicho kinapatikana kwenye sahani ya kawaida. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15, na gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa zina karibu 30. Dagaa wakavu ni wa ajabu zaidi: kwa kuwa maji yameondoka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao huleta pia kalisi. Ugali wa gramu 200 za unga huchangia takriban gramu 16, kiasi ambacho wengi hawakihesabu. Hivyo ugali huo, kikombe cha maharage, mayai mawili na glasi ya maziwa vinafikisha gramu 51. Ukiongeza gramu 50 za dagaa wakavu unapita 75, bila kopo lolote la unga kutoka ng'ambo.

Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani. Ile ya maharage ina upungufu wa methionini lakini ina lisini ya kutosha. Zikiliwa pamoja hukamilishana. Makande ya Tanzania na githeri ya Kenya vilikuwa suluhisho la tatizo hilo kabla halijaelezwa na mkemia yeyote. Si lazima vyakula hivyo viwe katika chungu kimoja; kuliwa siku moja kunatosha.

Protini ya siku ikigawanywa katika milo mitatu au minne hutumika vizuri kuliko ikiliwa yote usiku. Hapa ndipo mazoea ya wengi yana kasoro: asubuhi chai na maandazi, mchana ugali na mboga za majani kidogo, kitoweo chote jioni. Yai au kikombe cha maharage asubuhi hurekebisha sehemu kubwa ya kasoro hiyo. Anayefunga Ramadhani naye anaweza kugawa kati ya futari, chakula cha usiku na daku.

Wanga hausaidii kujenga msuli moja kwa moja, lakini ndio nishati ya kazi nzito. Huhifadhiwa ndani ya msuli kama glaikojeni, na Jonas Bergström na Eric Hultman wa Uswidi walionyesha mwaka 1966 kwamba msuli uliotumia glaikojeni yake, mtu akila wanga, huirudisha kwa wingi kuliko ilivyokuwa mwanzo, huku msuli wa mguu uliopumzika haubadiliki. Mtu anayekula chakula kidogo mno kwa jumla huchoma hata protini yake kama kuni. Kwa hiyo kuongeza protini huku njaa ikiendelea si matumizi mazuri ya fedha.

Misuli katika uzee

Kuanzia umri wa miaka 30 hivi binadamu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake katika kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Nguvu hupungua haraka kuliko ukubwa. Mwaka 1989 Irwin Rosenberg aliipa hali hiyo jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya "nyama" na "upungufu", akitaka itazamwe kama tatizo la tiba badala ya kuachwa kama jambo la kawaida la uzee. Matokeo yake huonekana nyumbani: mzee anayeshindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, asiyeweza tena kutumia choo cha kuchuchumaa peke yake, anayejikwaa kwenye kizingiti na kuvunjika nyonga.

Kulazwa huharakisha mambo hayo. Katika utafiti wa mwaka 2007 wazee wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mgonjwa mwenye homa asiyekula vizuri hupoteza zaidi, na ndiyo sababu wazee wengi huingia hospitali wakitembea na kutoka wakishikiliwa, ingawa ugonjwa uliowapeleka umepona.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee mjini Boston, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, wakawapa mazoezi ya mapaja mara tatu kwa wiki kwa wiki 8. Uzito haukuwa wa kubembeleza: ulifikia asilimia 80 ya kiwango cha juu ambacho kila mmoja angeweza kunyanyua mara moja. Nguvu za waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja ulinenepa kwa asilimia 9. Wawili waliacha kutumia bakora. Tofauti kubwa kati ya tarakimu hizo mbili inaonyesha tena kazi ya neva iliyoelezwa hapo juu. Mazoezi yaliposimama kwa wiki 4, karibu theluthi moja ya nguvu zilipotea.

Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuwa mkubwa zaidi na ndio unaojibu swali la lishe. Wakazi 100, wengi wao wanawake, wenye wastani wa umri wa miaka 87, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: mazoezi peke yake, kinywaji cha lishe peke yake, vyote viwili, na kundi lisilopata kimojawapo. Baada ya wiki 10 nguvu za waliofanya mazoezi zilikuwa zimepanda kwa asilimia 113, dhidi ya asilimia 3 kwa wasiofanya. Mwendo wao wa kutembea uliongezeka kwa karibu asilimia 12, na uwezo wa kupanda ngazi kwa asilimia 28. Kinywaji cha lishe chenyewe hakikuleta tofauti yoyote katika nguvu wala udhaifu.

Sababu mojawapo ilikuwa rahisi kuliko ilivyotarajiwa. Wazee waliopewa kinywaji bila mazoezi walipunguza chakula cha mezani, hivyo jumla ya walichokula ilibaki palepale. Ni wale tu waliopata kinywaji pamoja na mazoezi ambao jumla yao iliongezeka. Zoezi lilileta hamu ya kula.

Hilo halina maana kwamba wazee hawahitaji protini. Msuli wa mzee huitikia chakula kwa uzito kuliko wa kijana, na kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilipendekeza mwaka 2013 kwamba wenye umri wa miaka zaidi ya 65 wale gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kwa siku. Mila ya kumwekea babu uji na mchuzi mwepesi kwa kuwa "tumbo lake ni la mzee" humnyima kile anachohitaji zaidi. Mwenye meno machache anaweza kupata dagaa waliosagwa ndani ya uji, mayai, mtindi, au choroko zilizopondwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki kwa watu wazima wa rika zote, na kwa wenye miaka 65 na zaidi mazoezi ya mchanganyiko yanayohusisha usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi. Kwa mzee nyumbani kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha kuanza: kukaa na kusimama mara nane au kumi, kupumzika, kurudia. Mwanzoni ashike kiti, baadaye afunge mikono kifuani, na mwisho ashike chupa mbili za maji.

Virutubisho vya nyongeza na dawa

Kati ya vitu vingi vinavyouzwa madukani, kreatini ndiyo yenye ushahidi imara. Iligunduliwa katika nyama na Mfaransa Michel Chevreul mwaka 1832, na hupatikana katika samaki na nyama ya kawaida. Gramu 3 hadi 5 kwa siku huongeza kidogo uwezo wa kurudia kazi nzito ya muda mfupi. Si dawa iliyokatazwa michezoni. Protini ya unga ni chakula tu, rahisi kubeba na ghali kwa gramu, isiyo na nguvu yoyote ambayo maziwa na mayai hayana.

Steroidi za kuongeza misuli, ambazo ni testosteroni na jamaa zake za kutengenezwa, ni kitu tofauti kabisa. Ni kweli huongeza misuli, na ndiyo sababu zinavutia. Lakini hupunguza mafuta mazuri ya damu, hudhuru moyo na ini, husimamisha korodani kutengeneza homoni na mbegu, na kwa wanawake huleta sauti nzito na ndevu ambazo huenda zisiondoke. Zinazouzwa kwa siri huweza kuwa na kitu kingine kabisa ndani ya chupa, na sindano zinazoazimana hubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Hofu zilizozoeleka

Wanawake wengi huogopa kwamba chuma kitawapa mwili wa kiume. Testosteroni ya mwanamke ni sehemu ndogo sana ya ile ya mwanamume. Nguvu zake huongezeka kwa asilimia zinazokaribiana na za mwanamume, lakini misuli hainenepi kwa kiasi hicho bila dawa. Yeye ndiye mwenye hasara kubwa asipofanya, kwa kuwa mifupa yake hupungua haraka baada ya ukomo wa hedhi na mzigo ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoifanya ibaki imara.

Imani kwamba kunyanyua vyuma huwadumaza vijana haina ushahidi, mradi wasimamiwe na wajifunze mkao sahihi kabla ya uzito kuongezwa. Ajali za watoto kwenye vyuma hutokea zaidi vinapoanguka au vinaponyanyuliwa kwa mashindano.

Protini ya kiasi kilichotajwa hapa haijaonekana kudhuru figo zenye afya. Mwenye ugonjwa wa figo ni lazima aulize daktari kwanza, kwa kuwa kwake mara nyingi protini hupunguzwa. Mwenye shinikizo la damu anaweza kufanya mazoezi haya likiwa limedhibitiwa, lakini asibane pumzi wakati wa kunyanyua, kwani kubana pumzi hupandisha shinikizo ghafla. Hutoa pumzi anaposukuma na kuivuta anaposhusha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo ni sababu ya kusimama papo hapo.